Kujua Kuna Namna Tatu

Juma hili nataka tuzungumze habari ya neno moja dogo la Kiingereza, ambalo mtoto wa shule hukutana nalo mapema kabisa anapoanza kujifunza lugha hiyo. Neno lenyewe ni "know", yaani kujua. Msiseme, "Leo mzee amekosa la kuandika." Ngojeni kwanza. Ningalilifahamu vema neno hili miaka kadhaa iliyopita, mwanangu mmoja asingalipigwa fimbo bure. Habari hiyo nitaisimulia mwishoni, maana yanitia haya, na mtu huanza na yale yasiyomtia haya.

Aliyenifungua macho ni binti wa marehemu kaka yangu. Yuko Ufini, nchi ya kaskazini kabisa mwa Ulaya, anajifunza kazi ya uuguzi, kama wanavyofanya vijana wetu wengine waliokwenda huko. Jumapili jioni hunipigia simu, akaniamkia, akaniuliza habari za mvua na mifugo, kisha akanieleza mambo ya huko. Jumapili moja alinipigia hali amenuna.

"Shikamoo, baba mdogo. Juzi mwalimu wa lugha amenikosoa sentensi mbili kati ya tatu, na zote nilizitazama katika kamusi!"

"Marahaba, mwanangu. Kwani uliandika nini?"

Akanieleza. Mwalimu aliwapa sentensi tatu za Kiingereza wazigeuze ziwe Kifini. Ya kwanza ilisema: najua kwamba mvua inanyesha. Ya pili: namjua mwalimu yule. Ya tatu: najua kuogelea. Katika Kiingereza zote tatu huandikwa kwa neno lile lile, "know". Basi binti yetu akafungua kamusi, akaona neno la kwanza ni "tietää", akaliandika mara tatu, akafunga daftari, akatulia kama mtu aliyekwisha kuingiza mavuno ghalani. Mwalimu akaiacha ile ya kwanza, akazipiga mstari mwekundu mbili zilizobaki.

Kabla ya kuendelea, yafaa niseme kidogo habari ya lugha hiyo, maana wengi wetu hatujapata kuisikia. Wafini ni watu kama milioni tano na nusu. Walitawaliwa na Uswidi mpaka mwaka 1809, kisha na Urusi, wakapata uhuru wao mwaka 1917. Lugha yao si ndugu wa Kiswidi wala wa Kirusi. Ndugu yake wa karibu ni Kiestonia, na wa mbali ni Kihungari. Lakini mtu wa kwetu akiisikiliza vizuri ataona mambo mawili matatu yanayomkumbusha nyumbani. Husomwa kama inavyoandikwa. Haibagui mwanamume na mwanamke: wote ni "hän", kama sisi tusemavyo "yeye". Wao nyumba huiita "talo", na wakitaka kusema "nyumbani" huongeza kipande mwishoni, "talossa", kama sisi tunavyoongeza "-ni". Hata kukana kwao kunafanana na kwetu. Sisi twasema sijui, hujui, hajui. Wao husema "en tiedä", "et tiedä", "ei tiedä". Alama ya kukana ndiyo inayogeuka kwa kufuata mtu, na kitenzi chenyewe hubaki palepale. Udugu hakuna, ila mtu hufurahi akikuta jirani wa mbali ana mlango unaofunguka kama wake.

Sasa turudi kwenye sentensi zetu tatu.

Neno la kwanza ni "tietää". Hili ni kujua habari: jambo ambalo mtu aweza kuambiwa, kulisoma, au kuliandika katika karatasi. Najua kwamba mvua inanyesha, najua bei ya mahindi, najua mji mkuu wa Ufini ni Helsinki. Wataalamu wa Kifini husema kwamba neno hili limezaliwa na neno "tie", maana yake njia. Basi hapo kale mjuzi alikuwa ni yule aliyeijua njia. Kutokana na neno hilo wamepata "tieto", yaani maarifa au habari, na "tiede", yaani sayansi. Hata kompyuta wameiita "tietokone", mashine ya habari.

Tena zamani palikuwa na watu walioitwa "tietäjä", mjuzi, nao walikuwa waganga walioaminiwa kuponya kwa maneno. Mmoja wao ni Väinämöinen, mzee wa hadithi za kale za Wafini. Hadithi hizo zilikuwa zikiimbwa na watu wa vijijini, na daktari mmoja aitwaye Elias Lönnrot akazunguka akizikusanya, akazitoa katika kitabu cha Kalevala mwaka 1835, kisha akakitoa tena mwaka 1849 kikiwa kikubwa zaidi. Humo imesimuliwa kwamba Väinämöinen alikuwa akiunda mashua kwa nguvu za maneno, kazi ikaenda vizuri, lakini mwishoni akapungukiwa na maneno matatu. Akayatafuta hata katika nchi ya wafu, asiyapate. Mwisho akaingia tumboni mwa jitu moja la kale lenye maarifa yote, akaanza kufua chuma mlemle tumboni, mpaka jitu likaona afadhali kuimba yote linayoyajua. Ndipo mashua ikaisha. Mashua nzima ilikuwa imekwama kwa maneno matatu tu.

Neno la pili ni "tuntea". Hili ni kumjua mtu, au mahali, au kitu ulichokizoea. Yule mwalimu hukumjua kwa kuambiwa; umeonana naye, umesikia sauti yake, ukikutana naye njiani utamtambua. Rafiki uliyezoeana naye ni "tuttu", na asiyejulikana ni "tuntematon". Lakini sikilizeni hili. Neno hilohilo "tuntea" ndilo Wafini hulitumia kwa yale tunayoyahisi mwilini na moyoni. Sisi twasema nasikia maumivu, naona njaa, naona furaha. Wao katika yote hayo husema "tunnen". Kwao, kumjua mtu na kumwonea uchungu ni kazi ya neno moja. Binti yetu alipofika hapo akanyamaza kidogo katika simu, nami nikanyamaza.

Neno la tatu ni "osata". Hili ni kujua kutenda: kuogelea, kushona, kukamua ng'ombe, kupiga kinanda. Hata lugha huingia hapa. Mfini anayejua Kiswahili hasemi kwa "tietää", bali kwa "osata", kana kwamba lugha ni kazi ya ulimi, si habari ya kuhifadhi kichwani. Na mtoto awezaye kurudi nyumbani peke yake asipotee, husemwa kwa neno hilo kwamba ajua kufika. Tena hawalichanganyi na kuweza kwa sababu ya nafasi au afya, ambako ni "voida". Mtu aweza kusema, "Najua kuogelea, ila leo siwezi, nina kidonda mguuni," nasi hapo twafanana nao.

Mnaweza kusema hayo ni mambo ya darasani tu. Lakini sikilizeni yaliyompata binti yetu kazini. Katika nyumba ya kutunzia wazee, alikopelekwa kwa mazoezi, wana mashine ya kumwinua mgonjwa asiyeweza kusimama, ili ahamishwe kutoka kitandani mpaka kwenye kiti. Asubuhi moja muuguzi mkubwa akamwuliza, "Osaatko?" Yaani, wajua kuitumia? Naye akajibu haraka, "Tiedän." Yule mama hakumkaripia. Akamshika mkono akamwambia kwa taratibu: wewe umeniambia kwamba una habari ya mashine hii; mimi nakuuliza kama mikono yako imekwisha kuizoea, maana atakayening'inia humo ni mtu. Kusema kweli alikuwa ameiona katika kitabu na katika picha, wala hajapata kuigusa. Angalinyamaza, labda mzee wa watu angalianguka. Siku hiyo alisimama kando akatazama, na siku ya pili akafundishwa.

Je, Kiingereza ni lugha maskini? Hapana. Waingereza wa kale, yapata miaka elfu iliyopita, walikuwa nayo maneno yanayokaribia haya matatu. Walikuwa na "witan", kujua habari, "cnawan", kutambua, na "cunnan", lililokuwa pia na maana ya kujua kutenda. La kwanza likafa, likaacha watoto wake kama "wise", mwenye hekima. La tatu likageuka kuwa "can", maana yake kuweza. La katikati ndilo hili "know", nalo likarithi sehemu kubwa ya mashamba ya ndugu zake. Ninyi watoto mnaoumizwa kichwa na ile "k" inayoandikwa bila kutamkwa, jueni kwamba zamani ilitamkwa kweli. Sauti imekufa, kaburi lake limebaki katika maandishi. Ndiyo maana leo "know" na "no", yaani hapana, masikioni ni sauti moja, na aandikaye imla bila kufuata maana huyachanganya.

Wazee waliofundishwa na mapadri wa Kifaransa watakumbuka "savoir" na "connaître", na waliokaa na mapadri wa Kijerumani wamepata kusikia "wissen", "kennen" na "können". Kiarabu nacho kina mizizi miwili ya kujua, nasi tumekopa kwa yote miwili: mmoja umetupa elimu, mwalimu na maalumu, wa pili umetupa maarifa, taarifa na kuarifu. Basi watu wengi wa dunia wameona kwamba kujua si jambo moja.

Na sisi Waswahili? Kwa desturi twatumia "kujua" kwa yote, kama Waingereza. Lakini wahenga wetu hawakuwa wajinga. Tofauti ile wameiweka katika methali. "Asiyejua maana haambiwi maana": hapo pana kujua kwa akili. "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta": huyo ni mtoto aliyepata kazi ya baba yake kwa mikono, si kwa kusimuliwa. Na kule kujua kwa kuhisi ndiko wahenga walikokusema zaidi kuliko kote. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti." "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Methali hizi tatu, kama zingegeuzwa kuwa Kifini, mimi nadhani zingetaka neno la "tuntea".

Wasomaji wa Biblia wataona jambo jingine. Mchungaji Mwema anaposema habari ya kuwajua kondoo wake, Biblia ya Kifini imeweka "tuntea". Na usiku ule Petro alipokana mbele ya mjakazi kwamba hamjui Yesu, ni "tuntea" vilevile. Hakukana habari tu; alimkana rafiki aliyekula naye, akatembea naye, akamzoea. Ndiyo maana alilia.

Binti yetu alinipa mfano mwingine ambao sitausahau. Katika nyumba ile yumo bibi mmoja aliyepotewa na kumbukumbu. Binti wa bibi huyo huja kila Jumamosi kumtazama. Ukimwuliza bibi, "Huyu ni nani?" hujibu, "En tiedä," yaani sijui. Jina limetoka, udugu umetoka, miaka yote imetoka. Lakini kwa siku nyingine hukataa chakula, na Jumamosi hula, madhali anayemlisha ni yule. Na anapoaga, bibi humshika kiganja asikiachie. "Baba mdogo," akaniambia mtoto wetu, "ile namna ya kwanza ya kujua imemtoka kabisa, lakini ile ya pili bado anayo." Wenye wazee wa namna hii nyumbani, na wako wengi, wasiseme, "Hajui tena, hata nisipokwenda kumsalimu haidhuru." Nendeni. Pengine hawezi kukutaja jina, lakini mkono wako anaufahamu.

Sasa nifike kwenye lile linalonitia haya.

Mwanangu wa nne alipokuwa darasa la tano alianza kushuka. Alikuwa wa sita, akawa wa thelathini na kitu. Tena nikasikia kwamba siku nyingine haonekani shuleni. Hushinda mtoni mpaka watoto wenzake warudi, ndipo afuatane nao nyumbani. Nikamwita nikamwuliza. Akatazama chini, asijibu. Nikasema, "Mimi namjua mtoto huyu, ni mvivu kama nilivyokuwa mwenyewe." Nikamchapa. Baada ya majuma mawili nikamchapa tena.

Jioni moja mwalimu wake, mama mmoja mpole, alikuja nyumbani. Baada ya maji na salamu akaniuliza, "Mzee, wamjua mtoto wako?" Nikaona ananivunjia heshima. Nikamtajia siku aliyozaliwa, siku aliyobatizwa, darasa lake, nambari yake ya mtihani, na michango yote niliyoilipa mpaka senti ya mwisho. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Naomba umwite, nawe umpe kitabu asome hapa mbele yetu."

Mtoto akaja, akapokea kitabu, akakisogeza mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Ndipo akasoma, tena vizuri.

Nikafahamu. Macho yake yalikuwa hayaoni mbali. Kila alipoambiwa asome ubaoni alinyamaza, wenzake wakacheka, mwisho akaona afadhali kushinda mtoni. Na mimi niliyekula naye sahani moja kila usiku, nilikuwa sijapata kutazama jinsi anavyoshika kitabu. Habari zake zote nilikuwa nazo. Mtoto mwenyewe sikuwa naye.

Tukampeleka hospitali, akapimwa, akapewa miwani. Jioni tuliyorudi alisimama uani akitazama juu kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Baba, kumbe majani ya mwembe huonekana moja moja?" Sikuwa na la kujibu. Niliingia ndani nikakaa gizani kidogo, mpaka mama yake aliponiita chakula.

Miaka mingi baadaye binti wa kaka yangu aliponieleza maneno yale matatu ya Kifini, mawazo yangu yalikwenda palepale uani, chini ya mwembe. Kosa langu halikuwa kukosa kujua. Nilikuwa na namna moja ya kujua, nikadhani ninazo zote.

Basi, ndugu zangu, sisemi mjifunze Kifini. Nasikia ni lugha ngumu kweli. Lakini leo usiku, mtakapokaa kula, kila baba na kila mama amtazame mmoja wa watoto, ajiulize mambo matatu. Habari zake ninazo? Huenda unazo. Kazi ya kumlea naiweza, yaani najua kukaa naye, kumsikiliza, kumwonya bila kumvunja? Hilo hutaka mazoezi, kama ile mashine ya wagonjwa. Na la mwisho: anapoumia, mimi nahisi kitu? Najua anaogopa nini, anafurahia nini, ana rafiki gani, analia kwa sababu gani? Kama hujui, usijilaumu sana, wala usimwite kumhoji kama karani wa mahakama. Kaa naye tu. Mwambie akusomee ukurasa mmoja wa gazeti hili, nawe utazame jinsi anavyolishika.

Na ninyi vijana, msidhani maneno haya ni ya wazazi peke yao. Ni mangapi mnayoyajua habari za baba zenu, nje ya ukali wao? Waulizeni siku moja walikuwa wakiogopa nini walipokuwa na miaka kumi na miwili. Mimi wangu aliniuliza, nikamwambia, tukacheka wote wawili.

Mpaka juma lijalo, kaeni salama.